Mjane wa Rais na Kahawa ya Bi Aziza

Matrah, Maskati
Mwezi wa Rajabu, 1969

Kwa Baba yangu mpenzi,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Nakuandikia nikiwa mzima, na mume wangu Seif mzima, na watoto wote wawili wazima. Wanakubusu mkono, ingawa yule mdogo anaubusu kwa kusimuliwa tu, maana hakumbuki sura yako. Kila anayeshuka hapa akitoka huko nnamuuliza jambo moja moja, kama mtu anayeokota chenga za mchele juu ya mkeka. Goti la Baba limepoa? Mama bado anakohoa alfajiri? Mmoja aliniambia umekonda. Mwingine akasema hapana, umenyoa ndevu tu. Nimeamua kumwamini wa pili mpaka nipate barua ya mkono wako mwenyewe.

Joto la hapa limeanza kulegea. Kiangazi hiki milima ilituzunguka kama kuta za tanuri, na mawe yakawa yanapumua moto hata baada ya Isha. Unajua nnachokitamani, Baba? Si shokishoki wala mkate wa ufuta, ingawa hivyo navyo nnaviota. Nnatamani mvua ya vuli ipige mabati ya jirani, Mama apige kelele nguo zianuliwe, na wewe ukae pale pale barazani bila ya kuondoka, unasogeza kiti nyuma kidogo tu. Hapa mvua ikinyesha watu hutoka nje kuitazama kama mgeni.

Khabari za Wamarekani kufika mwezini zimetufikia. Ami Khalfan, yule ami yake Seif anayetuweka kwake, anasema ni uongo mtupu. Nilikukumbuka wewe, kwa sababu tangu utotoni nikisikia Mmarekani huja mbele yangu sura yako, na si ya Mmarekani yeyote.

Nnakumbuka jioni zile baada ya Alasiri. Umekwisha kunywa kahawa, umekunja mguu mmoja, na sisi watoto tumekaa kwenye ngazi ya baraza. Ulikuwa ukitusimulia ujana wako ulipokuwa karani wa yule mfanyabiashara wa Kimarekani wa Shangani, aliyenunua karafuu na ngozi na kuleta majora ya merikani. Alipofunga duka akenda zake alikuachia kitabu chenye picha za wazee walioiasisi nchi yake, nawe ukawafanya kama wazee wa mtaa wetu. Yule wa kwanza, rais wao, aliyekata mti wa babake kwa shoka akashindwa kusema uongo: ulisema ni mzambarau, kwa kuwa mti wenyewe hatukuujua. Yule aliyerusha kishada kwenye radi akaushika umeme: kaka akapanda darini na kishada chake mvua ikinyesha, na kofi alilolila kwa Mama nadhani linamwasha mpaka leo. Na yule wa tatu, aliyeandika kwamba watu wote wameumbwa sawa. Ulikuwa ukifika hapo unasimama, unafunga kifungo cha kanzu, na kuyasema maneno yenyewe kwa Kiingereza. Hatukufahamu hata neno, lakini tulinyamaza kama tuko msikitini.

Nnakuandikia leo kwa sababu wale wazee wako wamenifuata mpaka huku, na wamefanya jambo katika nyumba hii. Nataka ulijue kutoka kwangu.

Kama nilivyokueleza, nafanya ukalimani katika wodi ya wanawake kwenye hospitali ya Wamarekani hapa Matrah. Mgonjwa anasema kwa Kiarabu au kwa Kiswahili, mie namwambia muuguzi kwa Kiingereza, na jibu nalirudisha. Muuguzi mkuu anaitwa Bi Klara. Ni mwanamke mrefu, mkongwe wa nchi hizi, kwao ni mashamba ya mahindi na theluji. Mwezi wa Julai wana siku yao ya uhuru, na mwaka huu Bi Klara aliwakusanya watoto wa wafanyakazi kivulini, akawapa sharubati, akaniomba niwasimulie khabari za waasisi wa nchi yake.

Nikawasimulia, Baba, kama ulivyotusimulia wewe. Mzambarau na kila kitu. Watoto walicheka, na Bi Klara alicheka mpaka akavua miwani kuipangusa.

Baadaye tulikuwa ghalani tukikunja bendeji. Akaniuliza, "Raya, hadithi ya shoka nani kakupa?"

"Baba yangu."

"Mungu amweke. Lakini haikutokea. Aliitunga muuza vitabu mmoja baada ya mzee kwisha kufa, watu wapate kununua kitabu chake."

Nilisikitika kama mtoto. Hadithi ya mtu asiyesema uongo, nayo yenyewe ni ya uongo!

Bi Klara akaniona uso umenishuka. Badala ya kunibembeleza akaendelea, kwa sauti ile ile ya kuhesabia bendeji. Akasema yule rais wao wa kwanza alikuwa jasiri kweli, na alipoweza kujifanya mfalme alikataa, akarudi shambani kwake. Lakini shamba lile lililimwa na watumwa. Hata nyumba ya urais ilikuwa na watumwa. Alikuwamo msichana mmoja mshonaji, mtumwa wa mke wake, akasikia kwamba atatolewa tunzo, zawadi ya arusi, kwa mjukuu wa bibi huyo aliyeolewa. Siku moja wakubwa wamekaa wanakula, yule msichana akatoka mlangoni, akapanda meli, hakurudi tena. Na rais, mtu aliyepigania uhuru wa nchi nzima, akatuma watu wamtafute.

"Walimpata?" nikauliza.

"Walimwona. Akakataa kurudi. Alikufa mzee, maskini, na huru."

Na yule wa tatu, Baba, yule uliyekuwa ukimfungia kifungo cha kanzu. Aliyaandika maneno yale na huku anamiliki watu wengi, na wengi wao hakuwaacha huru hata alipokufa. Bi Klara alisema kuna khabari za mwanamke mtumwa wa nyumbani mwake aliyemzalia watoto. "Vitabu vyetu vinakana," alisema, "lakini watu weusi wa kwetu hawajaacha kusimulia, na mie nnawasadiki wao." Yule wa kishada naye alikuwa na watumwa miaka mingi, na gazeti lake lilitangaza wengine wa kuuzwa. Ila yeye uzeeni aligeuka, akawaandikia wakubwa wa serikali kwamba jambo lile ni haramu na liondoshwe. Hawakumsikiliza.

Nikamuuliza, "Mbona unawasema wazee wako hivi, na leo ni siku yao?"

Akasema, "Bibi mzaa mamangu alizaliwa katika nyumba iliyokuwa ikiwaficha watumwa waliotoroka. Yeye ndiye aliyenisimulia. Nnawaheshimu wazee wale, Raya. Lakini siwezi kujifanya kwamba Bibi hakusema."

Nilirudi nyumbani siku ile kichwa kizito. Na nyumbani, Baba, ndiko kulikokuwa na jambo.

Lazima kwanza nikwambie Ami Khalfan ni mtu gani, usije ukamdhania vibaya. Tulipofika hapa na sanduku moja na watoto wagonjwa wa safari, yeye ndiye aliyetufungulia mlango. Mkubwa wetu alipozidiwa na homa, Ami alimbeba mgongoni mwenyewe mpaka hospitali katika jua la adhuhuri, na yeye ni mzee, na alikuwa na wa kuwatuma. Hasali nyuma ya wakati. Hali bila ya kuuliza kama jirani amekula.

Na katika nyumba ile ile wamo watu ambao ni mali yake. Hapa mambo hayo bado yapo, na hayasemwi. Husemwa tu "watu wa nyumba". Mmoja ni Mabruka, mpishi. Alizaliwa hapa hapa Matrah, lakini mama yake aliletwa mtoto kutoka pwani ya Mrima, na Kiswahili alichomwachia ni cha kale, kitamu, kama cha bibi zetu. Siku ya kwanza nilipoingia jikoni, roho imenikauka kwa ugeni, nikasikia mtu anasema, "Karibu mwanangu, kaa kitako, mwendo umekuchosha." Nililia, Baba. Nilidhani nimesikia nyumba yetu.

Mabruka ana binti mmoja, Zuwena, mwari mwenye mikono ya dhahabu. Anadarizi kofia hata watu wa sokoni wanaziulizia. Siku chache baada ya maneno yale ya ghalani, nilimkuta Mabruka anaparua samaki. Alikuwa amekwisha kumparua, na bado anaparua.

"Mabruka, samaki huyu amebaki mifupa."

Akaweka kisu. "Wamesema Zuwena atakwenda Sohar na mjukuu wa Bi Aziza. Arusi ikisha, atachukuliwa pamoja na masanduku."

Bi Aziza ni mke wa Ami. Mjukuu wake alikuwa ameposwa na watu wa Sohar, mji wa mbali kaskazini, na nyumba nzima ilikuwa katika shughuli.

"Atarudi lini?" nikauliza.

"Tunzo hairudi," akasema. Kisha akanitazama. "Weye kazi yako kuwasemea watu wasiojuana lugha. Nisemee mie kwa watu wanaoijua lugha yangu na hawanisikii."

Nikamwambia Seif. Seif unamjua, hapendi fujo. Akasema, "Raya, tulipokuja hapa tulikuwa na nini? Nani alitufungulia mlango?"

"Ni huyo huyo."

"Basi unataka nikamwambie kwamba nyumba iliyotuokoa haiko sawa?"

Nikazima taa. Lakini usingizi haukuja, na nilichokiona mbele yangu ni yule msichana mshonaji anatoka mlangoni, watu wanakula.

Nikamwendea Ami mwenyewe, baada ya Alasiri, na birika la kahawa. Nilimwamkia, nikammiminia, nikasema, "Ami, nina ombi, na mie si mtu wa kuomba mara kwa mara."

"Sema, binti yangu."

"Zuwena. Asipelekwe Sohar."

Akacheka kwa upole. "Anakwenda nyumba nzuri. Atakula wanachokula, atavaa wanachovaa."

"Na mama yake, Ami?"

"Mama yake yupo kwangu. Amekosa nini?" Akaniona sikuridhika, akasogea mbele kama anayetaka kunifurahisha. "Sikiliza, nikwambie usilolijua. Mie nimekwisha kuusia. Siku tutakapoondoka duniani mie na Bi Aziza, wote waliomo humu ni huru. Nimeandika na mashahidi wapo."

Alisema kwa fahari, na ilikuwa fahari ya kweli, ya mtu anayedhani ametenda wema mkubwa. Nikasema Alhamdulillahi. Ningesema nini? Nikabeba birika langu nikatoka.

Kesho yake nikiwa na Bi Klara nikamweleza, bila ya kutaja nyumba. Alipofika kwenye wasia akaacha kazi. Akaniambia yule rais wao alifanya vivyo hivyo. Uzeeni moyo ulimsuta, akaandika kwamba watumwa wake waachwe huru siku atakapokufa mkewe. Akafa yeye kwanza. Akabaki yule mjane katika nyumba kubwa, amezungukwa na watu ambao kila mmoja anajua kwamba pumzi yake ya mwisho yule bibi ndiyo uhuru wao. Hakuweza kukaa. Mwaka mmoja ulipopita tu, akawaacha huru wale waliokuwa wa mumewe. Waliokuwa wa upande wa kwao mke, hao walibaki walivyo, wakagawanywa kwa wajukuu.

Baba, sitasema kwamba maneno yaliniponyoka. Nilikusudia. Jioni ile nilikuwa nikimpaka Bi Aziza mafuta ya nazi kichwani, yale yale Mama aliyompa msafiri atuletee, na Bi Aziza hupenda hadithi kuliko chakula. Mabruka akaingia na kahawa, akaiweka, akatoka.

"Nipe hadithi ya Wamarekani wako," Bi Aziza akasema.

Nikampa ya mjane. Nilimpa yote, polepole, kama wewe unavyosimulia.

"Na wale watu wakijua?" akauliza.

"Wakijua, Bi. Wa jikoni, wa shamba, wa kufua nguo. Wote."

"Na wakimpikia?"

"Wakimpikia."

Akachukua kikombe. Akakitazama. Akakirudisha chini. "Kahawa hii imepoa," akasema, na bado ilikuwa ikitoa moshi.

Tangu siku ile Bi Aziza hakunywa kahawa ya Mabruka. Akawa anamwita Mabruka aonje mchuzi mbele yake. Akabadilisha mtungi wa maji. Kwanza nilicheka peke yangu. Kisha nikaingia jikoni nikamkuta Mabruka amekaa sakafuni, mikono juu ya magoti, macho makavu.

"Tangu sijabaleghe nampikia," akasema. "Leo ananionjesha kama paka. Nimemfanyia nini?"

Hapo nilitamani ardhi inimeze. Nilitaka kumfungulia mlango, nikamtia unyonge mpya. Nikamweleza yote, hadithi na sababu yake. Nilidhani atanifukuza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga kanga yake vizuri, akachukua birika na kikombe, akasema, "Nifuate."

Bi Aziza alikuwa amekaa ukumbini na ushanga wake wa tasbihi. Mabruka akamimina kahawa mbele yake. Akanywa yeye mwenyewe kikombe kizima, amesimama, jambo ambalo sijapata kuliona katika nyumba ile. Kisha akamimina tena, akakiweka mbele ya bibi yake.

"Bi Aziza," akasema, "ningetaka ufe, ningekuacha mwaka ule ulipougua, watu wote wakakukimbia, nikabaki mie na weye na bakuli la uji. Sikutaka ufe siku ile na sitaki leo. Mie sikungoji ufe. Nnamtaka mwanangu, basi."

Ushanga ulisimama mkononi mwa Bi Aziza. Akajifunika uso kwa mtandio wake, na mabega yakaanza kutikisika. Mabruka, Baba, Mabruka ndiye aliyekaa chini akamshika mkono.

Ami alinifikia siku ile ile, na alikuwa na hasira ambayo sijapata kuiona kwake. "Nimekuweka kwangu," akaniambia, "ukamtia mke wangu khofu ndani ya chumba chake!" Nikamwomba radhi, na nilikuwa nikiomba kwa dhati, maana lile la khofu lilikuwa kweli. Lakini lile la Zuwena sikuliombea radhi. Seif hakusema nami kwa siku kadhaa. Mie nikaanza kukunja nguo za watoto, nikijua huenda tukaambiwa tutafute pa kukaa.

Haikuwa hivyo. Ijumaa, baada ya sala, Ami alirudi na sheikh wa msikiti wao na majirani wawili. Akatuita sote. Alikuwa amepungua, kama mtu aliyetoka kwenye homa. Akasema, "Nimefikiri jambo hili mpaka nimechoka nalo. Mtu akitoa baada ya kufa kwake, ametoa mali ya warithi. Nnataka kutoa yangu."

Akawataja watu wa nyumba mmoja mmoja, kwamba ni huru tangu saa ile. Sheikh akawa anaandika. Ami alipofika kwa mpishi, sheikh akauliza, "Mabruka binti nani?"

Ami akafungua mdomo, akaufunga. Bi Aziza akamtazama mumewe, mumewe akamtazama yeye. Maisha yake yote yule mtu amewapikia.

"Binti Mauwa," Mabruka akasema.

"Hilo ni la mama. Jina la baba?"

"Simjui. Andika la mama."

Sheikh akasita, kalamu juu ya karatasi. Kisha akaandika.

Zuwena hakwenda Sohar. Sasa anafanya kazi nasi hospitali, anashona mashuka na nguo za wagonjwa, na Bi Klara anamfundisha kufunga vidonda. Mabruka amebaki pale pale jikoni, kwa kupenda kwake, anasema hajui jikoni nyingine na hataki kujifunza uzeeni. Lakini ile Ijumaa yenyewe, baada ya watu kutawanyika, alivaa, akatoka, akakawia mpaka karibu na Magharibi. Bi Aziza akawa anazunguka ukumbini. Aliporudi akamwuliza, "Ulikuwa wapi? Nani kakutuma?"

"Sikutumwa, Bi," Mabruka akasema. "Nilikwenda tu."

Usidhani kila kitu kimekuwa asali. Mjukuu wa Bi Aziza hasemi nami, anasema nimemwaibisha kwa wakwe zake. Ami ananiitikia salamu, lakini kahawa ya Alasiri haniiti tena, na hilo linaniuma zaidi kuliko nilivyofikiri, maana kukaa naye kulikuwa kukinikumbusha kukaa nawe. Seif anatafuta vyumba viwili upande wa bandarini. Nadhani ni bora, kwa heshima ya wote.

Wakati mwingine nikitoka kazini nnapita njia ya sokoni nikiwafikiria wale wazee wako watatu wa kitabuni. Nilidhani nitawachukia. Sikuweza. Nikiwachukia wao, nitakuwa nimezichukia na jioni zile za baraza, na hizo ndizo mali niliyokuja nayo. Watoto wangu nawasimulia mzambarau na shoka, kwa sauti yako, na nikimaliza nawaambia ilitungwa, kisha nawasimulia msichana aliyetoka mlangoni watu wanakula. Wanaipenda hiyo ya pili zaidi. Mkubwa ananiuliza kila mara, "Alikuwa anaitwa nani?" Nami sijui, sikumuuliza Bi Klara. Nitamuuliza.

Na ndipo nikafikiria kwetu, Baba. Wewe ulitufunza nasaba yetu tukiwa wadogo. Mpaka leo naweza kuisema bila ya kupumua, mwana wa fulani, mwana wa fulani, mpaka babu yule aliyekuja kutoka huku huku Omani akapanda mikarafuu ya kwanza ya shamba la Bububu. Na sote tunajua, ingawa husemwa kwa sauti ya chini, kwamba mama wa babu yako alikuwa suria wa yule mzee, kutoka bara. Alhamdulillahi, sheria yetu iliwapa watoto wake jina la baba yao, hawakuachwa kama wale watoto wa yule Mmarekani aliyeandika maneno mazuri. Lakini yeye mwenyewe, Baba, yule mwanamke, anaitwa nani? Nimekaa nikitafuta katika kumbukumbu zangu zote, arusi, maombolezo, khitma, sijapata kusikia likitajwa. Mabruka alikuwa na jina la mama yake mdomoni miaka yote ile, linangoja mtu wa kuliuliza. Sisi tuna majina ya wanaume wote, na hilo moja hatuna.

Kama unalijua niandikie. Hata barua ikiwa na neno hilo moja tu ndani yake, itanitosha.

Mpe Mama mkono wangu, umwambie mafuta ya nazi yamekwisha na yamefanya kazi kubwa. Msalimie kaka, na mkewe, na umwambie watoto wake wasipande darini mvua ikinyesha. Msalimie bibi jirani aliyenifunza kusoma Kurani. Na Shangazi, dada yako mkubwa, mbusu kichwa kwa niaba yangu, ukae naye kitako, umuulize kwa upole wakati hana haraka. Yeye alilelewa na bibi yenu. Huenda jina hilo analo.

Ni mimi mwanao, nnayekuombea asubuhi na jioni,

Raya